Pikipiki ya Mkataba: Bei Halisi na Gharama za Siku ya Kuirudisha

Utangulizi

Mkataba wa kununua chombo kwa kulipa kidogo kidogo una sehemu mbili. Ya kwanza inaeleza utalipa nini ili chombo kiwe chako. Ya pili inaeleza nini kitatokea chombo kikirudi kwa mwenyewe kabla hakijawa chako. Watahiniwa wengi husoma sehemu ya kwanza, wakakokotoa jumla na kuweka kalamu chini. Wanunuzi wengi nao hufanya hivyo hivyo, na kwao hasara ni kubwa kuliko alama za mtihani.

Tutatumia mfano wa Sirari, mji wa mpakani wilayani Tarime, mkoani Mara, unaotazamana na Isebania ya Kenya. Abiria wanaoshuka kwenye magari ya Tarime, Musoma na Mwanza, pamoja na wanaovuka mpaka, hubebwa na bodaboda. Kijana anayemaliza kidato cha nne mwezi Novemba hukaa akisubiri matokeo, ambayo kwa kawaida hutoka Januari. Katika kipindi hicho anaweza kuambiwa: "Chukua pikipiki, lete hesabu, baada ya mwaka ni yako." Soma mada hii ili uweze kujibu swali la mtihani, na pia umjibu mtu huyo.

1. Maneno ya kuelewa

*Bei taslimu* ni bei ya chombo dukani ukilipa yote kwa mara moja.

*Kianzio* ni fedha unayotoa siku ya kwanza.

*Hesabu* au *marejesho* ni kiasi unachopeleka kwa tajiri, yaani mwenye chombo, kila siku au kila wiki.

*Bei ya mkataba* ni kianzio kujumlisha marejesho yote.

*Malimbikizo* ni marejesho ambayo muda wake umefika na hayajalipwa.

*Uchakavu wa kawaida* ni kuchoka kwa chombo kutokana na kazi yake ya kila siku. *Uharibifu* ni kasoro iliyotokana na ajali au uzembe.

Tofautisha pia pikipiki ya hesabu na pikipiki ya mkataba. Ya hesabu ni ya kukodi tu: unapeleka hesabu na pikipiki inabaki ya tajiri milele. Ya mkataba unalipa zaidi kila siku, kwa sababu mwishoni inatakiwa iwe yako. Hadi malipo ya mwisho, kadi ya pikipiki iliyotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) huwa na jina la tajiri. Kwa maneno mengine, unalipa kama mnunuzi huku kwenye karatasi wewe ni mkodishwaji.

2. Kukokotoa bei halisi

Namba zifuatazo ni za mfano tu.

Pikipiki inauzwa sh. 2,800,000 taslimu. Kwa mkataba, kijana anatoa kianzio cha sh. 300,000, kisha hesabu ya sh. 12,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 52.

Marejesho ya wiki: 12,000 × 6 = sh. 72,000
Marejesho yote: 72,000 × 52 = sh. 3,744,000
Bei ya mkataba: 300,000 + 3,744,000 = sh. 4,044,000
Ziada juu ya bei taslimu: 4,044,000 − 2,800,000 = sh. 1,244,000

Ukigawanya ziada kwa bei taslimu unapata asilimia 44.4. Hapa ndipo wengi huishia. Lakini kijana hakukopeshwa sh. 2,800,000. Alitoa kianzio, hivyo alichokopeshwa ni sh. 2,500,000. Ziada ya sh. 1,244,000 juu ya kiasi hicho ni asilimia 49.8.

Tena, deni hilo halikukaa mwaka mzima likiwa sh. 2,500,000. Linapungua kila wiki, na kufikia katikati ya mwaka sehemu kubwa imeshalipwa. Ukikokotoa riba juu ya deni linalobaki kila wiki, inafika takriban asilimia 86 kwa mwaka.

Usiandike kwenye mtihani kwamba tajiri ni mnyonyaji, kisha ukaishia hapo. Ziada hiyo ina sababu. Tajiri anatoa mali yake kwa mtu asiye na dhamana. Pikipiki inaweza kuibwa, kugongwa au kupelekwa asikojua. Kazi yako ni kuonyesha ukubwa wa ziada, sababu zake, na njia nyingine alizonazo mkopaji. Mojawapo ni mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

3. Siku ya kuirudisha

Tuendelee na kijana wetu. Amelipa vizuri wiki 30. Wiki ya 31 na ya 32 biashara imekuwa mbaya, hakupeleka kitu. Tajiri anataka pikipiki yake.

Alicholipa mpaka sasa: 300,000 + (72,000 × 30) = sh. 2,460,000
Kilichobaki katika mkataba baada ya wiki ya 30: 4,044,000 − 2,460,000 = sh. 1,584,000

Kisha tajiri anatoa orodha ya siku ya kurudisha:

Malimbikizo ya wiki 2: sh. 144,000
Matairi mawili yaliyoisha: sh. 110,000
Kioo na taa vilivyovunjika: sh. 40,000
Gharama ya kuifuata pikipiki: sh. 30,000
Faini ya kuchelewesha: sh. 30,000
Jumla: sh. 354,000

Kijana akilipa yote, atakuwa ametoa 2,460,000 + 354,000 = sh. 2,814,000. Amezidi bei ya dukani kwa sh. 14,000, na anarudi nyumbani kwa miguu.

Je, amepoteza kiasi hicho chote? Hapana, na hapa mtahiniwa makini hujipatia alama. Kwa muda wote huo alikuwa akifanya kazi na kupata kipato. Tuseme pikipiki ya hesabu ya kawaida ni sh. 8,000 kwa siku. Kwa wiki 30 angelipa 8,000 × 6 × 30 = sh. 1,440,000. Yeye amelipa sh. 2,460,000. Tofauti ni sh. 1,020,000. Hiyo ndiyo fedha aliyoitoa kwa ajili ya kuimiliki pikipiki, na ndiyo aliyoipoteza pikipiki iliporudi.

Sasa pima orodha ya tajiri, kipengele kwa kipengele. Malimbikizo ni deni la haki, kwa kuwa pikipiki ilikuwa mikononi mwa kijana wiki hizo mbili. Kioo na taa ni uharibifu, hivyo ni haki vilipwe. Matairi ni uchakavu wa kawaida: pikipiki ya abiria haiwezi kufanya kazi miezi saba matairi yasiishe. Gharama ya kuifuata na faini ya kuchelewesha zinategemea kama zilikuwamo katika mkataba siku ya kusaini. Kama hazikuandikwa, kijana ana haki ya kuuliza zimetoka wapi.

4. Sheria inasemaje?

Nchini Tanzania makubaliano ya aina hii yanaguswa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Mambo mawili yanatosha kwa mada hii. Kwanza, anayefunga mkataba awe amefikisha umri wa utu uzima, yaani miaka 18, awe na akili timamu na aridhie kwa hiari. Mtahiniwa wa miaka 17 anayewekewa karatasi mbele yake akumbuke hilo. Pili, mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa endapo utavunjwa, mahakama hutoa fidia inayostahili, isiyozidi kiasi hicho. Kuandika faini kubwa kwenye karatasi hakumhakikishii aliyeiandika kwamba atailipwa yote.

Ukivuka mpaka, Kenya ina sheria maalumu ya ununuzi wa aina hii, Sura ya 507. Chini yake, mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei ya mkataba, mwenye mali hawezi kuichukua ila kwa kwenda mahakamani. Katika mfano wetu, theluthi mbili ya sh. 4,044,000 ni sh. 2,696,000. Kijana angefikia hapo wiki ya 34, yaani wiki 4 tu baada ya pale alipokwama.

Uingereza ina sheria ya mwaka 1974 inayompa mnunuzi nafasi ya kurudisha chombo mwenyewe. Akishalipa nusu ya bei yote na malimbikizo yake, na akiwa amekitunza chombo ipasavyo, hadaiwi marejesho yaliyobaki. Nusu ya sh. 4,044,000 ni sh. 2,022,000. Kijana wetu aliivuka wiki ya 24.

Sheria hizo za nje hazitumiki kwa mkataba wa Sirari. Zimetajwa ili uone kwamba swali la "nikirudisha itakuwaje?" limefikiriwa kwingine na kupewa majibu tofauti.

5. Gari jipya linalonunuliwa kwa nia ya kurudishwa

Huko Uingereza kuna mikataba ya magari mapya ambayo kurudisha ni sehemu ya mpango tangu mwanzo. Mnunuzi hutoa kianzio na kulipa kila mwezi kwa miaka kama mitatu. Mwishoni anachagua: alipe fungu kubwa la mwisho gari liwe lake, au alirudishe. Malipo ya mwezi huonekana madogo kwa sababu fungu hilo kubwa limesogezwa mwisho.

Anayerudisha hukaguliwa mambo mawili: umbali na hali ya gari. Kwa mfano, mkataba unaruhusu maili 10,000 kwa mwaka, yaani 30,000 kwa miaka mitatu. Gari likirudi limetembea maili 36,000, na kila maili ya ziada inatozwa peni 10, malipo ni 6,000 × 10 = peni 60,000, sawa na pauni 600. Mikwaruzo na mibonyeo inayozidi uchakavu wa kawaida hutozwa kando.

Mpango huu na ule wa Sirari hutofautiana kwa jambo moja kubwa. Gharama za kurudisha gari lile zimeandikwa kabla ya kusaini. Katika mikataba mingi ya mdomo, orodha huonekana siku pikipiki inaporudi.

6. Mambo ya kuandika kabla ya kusaini

(a) Bei ya mkataba kwa jumla, idadi ya wiki na tarehe ya mwisho. Mpakani, ambako watu hushika shilingi ya Tanzania na ya Kenya, taja ni shilingi ipi.

(b) Siku ya ugonjwa, mvua kubwa au matengenezo: je, hesabu inalipwa, au siku inaongezwa mwishoni?

(c) Nani analipa matairi, oili, minyororo na matengenezo ya injini.

(d) Bima ni ipi. Bima ndogo hulipa madhara kwa watu wengine. Haikurudishii pikipiki iliyoibwa. Bima kubwa inaweza kufidia chombo chenyewe.

(e) Pikipiki ikirudi kabla ya muda, nini kinalipwa, na kama kuna sehemu ya fedha inayorudi kwa mnunuzi.

(f) Nani analipia kuhamisha umiliki TRA malipo yakikamilika, na kadi itatolewa ndani ya siku ngapi.

Piga picha za pikipiki siku ya kuipokea, pande zote, pamoja na namba ya kilomita. Lipa kwa simu au daftari lisainiwe kila wiki. Siku ya kurudisha, andikeni hati ya makabidhiano mbele ya mashahidi, ikionyesha hali ya chombo na kwamba hakuna deni jingine, au kama lipo, ni kiasi gani.

Maswali ya kujipima

1. Bajaji inauzwa sh. 8,500,000 taslimu. Kwa mkataba, kianzio ni sh. 1,000,000 na marejesho ni sh. 120,000 kwa wiki kwa wiki 90. Kokotoa bei ya mkataba na ziada juu ya bei taslimu.

2. Mnunuzi amelipa wiki 40 bila kukosa. Je, amefikisha nusu ya bei ya mkataba? Onyesha njia.

3. Eleza tofauti kati ya uchakavu wa kawaida na uharibifu, kwa mifano miwili ya kila kimoja.

4. "Hesabu ya siku ikiwa ndogo, mkataba ni mzuri." Jadili kauli hii kwa hoja nne.

Majibu na vidokezo

1. Bei ya mkataba: 1,000,000 + (120,000 × 90) = sh. 11,800,000. Ziada: sh. 3,300,000.

2. Amelipa 1,000,000 + (120,000 × 40) = sh. 5,800,000. Nusu ni sh. 5,900,000. Hajafika, amebakiza sh. 100,000, hivyo wiki ya 41 ataivuka.

3. Uchakavu: tairi kuisha, breki kulika. Uharibifu: kioo kuvunjika kwa kuanguka, injini kuungua kwa kuendeshwa bila oili.

4. Gusia idadi ya wiki, jumla ya bei, masharti ya kurudisha, na anayebeba hasara ya wizi au ajali.