Tuzo Hufika Mtaa Ikiwa Late

Unataka kujua ngoma gani inabamba? Wachana na red carpet. Dandia nganya ya Umoja Friday jioni. Deejay wa ndani ashaamua.

Cheki 2018. Ethic, mayut wa hapo Umoja, wakaangusha Lamba Lolo. Mabudaa wakalia ati hiyo si muziki. Mbuyu wangu alizima redio, akaweka rhumba, akalala kwa kiti. Wacha alale! Mtaa ilikuwa ishachoma. Ochungulo, Sailors na Boondocks wakaingia, Gengetone ikashika, na hakuna jaji aliulizwa.

Hata Grammy ni walewale. Afrobeats na amapiano zimechezesha dunia miaka, kategori ya Afrika ikakuja 2024. Tyla akaibeba na Water, ngoma TikTok ilikuwa imeicheza tangu 2023.

Lakini usinidanganye tuzo ni pambo ya cabinet. Wahu alibeba Best Female ya MTV Africa pale Abuja, 2008. Mwaka uliofuata show ikatua Nairobi, Nameless, bwanake, akabeba Best Male. Trophy mbili, keja moja! 2014 Sauti Sol wakanyakua Best African Act ya MTV Europe. Ukiwa na kitu kama hiyo, unaandika rate card upya. Promota haezi kukushow ati utalipwa na exposure na soda.

Kenye inanikera ni hizi tuzo za kulipia. DM inaingia: congrats, uko nominated. Scroll chini: lipia meza, lipia certificate. Msanii hajalipa rent, anachukua loan ya simu, anapiga suti ya kukodi, anarudi keja na kioo imeandikwa jina yake vibaya. Hiyo ni aibu, na ni ghali. Halafu kura! Wiki nzima ako kwa status akiomba kura kama MCA. Anashinda mwenye ma-fan wako na bundles, mwenye ngoma kali anabaki na screenshot.

Tulikuwa na tuzo za Kisima. Tulikuwa na Chaguo la Teeniez, mayut wakijichagulia wenyewe. Zikapotea, sasa tunangoja wasee wa ng'ambo watuambie nani mkali hapa kwetu. Zii! Mi nataka show ya Nairobi. Weka deejay wa nganya kwa panel, weka producer wa bedsitter ya Kayole, weka madem wanaanzisha challenge. Mbuyu akitaka kuja, kiti yake iko nyuma. Na mshindi alipwe. Ganji kwa simu, usiku huohuo, kabla ashuke stage.