Baada ya upasuaji wa tezi dume: safari ya kupona nyumbani

Mzee anaporuhusiwa kutoka hospitali baada ya upasuaji wa tezi dume, watu wa nyumbani humshukuru Mungu na kuona kwamba kazi imekwisha. Lakini kupona kwenyewe huchukua wiki kadhaa, na wiki hizo atazimaliza nyumbani, si wodini. Mgonjwa anayetoka Muhimbili au Amana kurudi Gongo la Mboto huenda akakuta choo cha kuchuchumaa, maji ya kubeba kwa ndoo, na usafiri wa usiku ambao ni bodaboda tu. Makala hii inaeleza mambo ambayo mgonjwa na familia yake wanapaswa kuyajua ili upasuaji ulete nafuu iliyotarajiwa.

Tezi dume ni nini?

Kila mwanaume ana tezi dume. Iko chini ya kibofu cha mkojo na imeuzunguka mrija unaotoa mkojo nje. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Umri unapoongezeka, hasa baada ya miaka 50, tezi hii huongezeka ukubwa kwa wanaume wengi na kuubana mrija. Ndipo mzee anaanza kuamka usiku mara nyingi, mkojo unatoka kidogo kidogo, na mwishowe unaweza kuziba kabisa.

Ukuaji huu si saratani. Hauletwi na zinaa wala uchawi. Wengine hutibiwa kwa vidonge tu. Upasuaji hufanyika pale vidonge visiposaidia, mkojo unapoziba, au figo zinapoanza kuharibika.

Njia mbili za upasuaji

Njia ya kwanza haina mshono. Daktari hupitisha kifaa chembamba ndani ya njia ya mkojo na kuikwangua tezi kutoka ndani. Njia ya pili ni kupasua chini ya kitovu na kuitoa sehemu iliyokua. Njia hii hutumika zaidi tezi ikiwa kubwa sana, au hospitali ikiwa haina kifaa cha njia ya kwanza. Mgonjwa asidhani kwamba amepewa tiba duni kwa sababu amepasuliwa. Ni tiba nzuri inayotumika duniani kwa zaidi ya miaka 100, ila kupona kwake huchukua muda mrefu zaidi kidogo.

Kutunza mpira wa mkojo

Baada ya upasuaji mgonjwa huwekewa mpira wa mkojo. Kwa njia isiyo na mshono mpira hukaa siku chache tu. Kwa upasuaji wa wazi hukaa kwa kawaida karibu wiki moja, na wengine hurudi nao nyumbani. Zingatia haya:

• Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kuugusa mpira au mfuko.
• Mfuko uwe chini ya usawa wa kibofu wakati wote, lakini usilale sakafuni. Ukiinuliwa juu, mkojo hurudi ndani na kuleta maambukizi.
• Safisha kwa maji na sabuni kila siku mahali mpira unapotokea mwilini.
• Hakikisha mpira haujapinda wala kulaliwa.
• Usiuvute kamwe. Ndani ya kibofu kuna puto dogo lililojazwa maji ili mpira usichomoke. Anayeuvuta kwa nguvu hujeruhi njia ya mkojo, na kovu lake linaweza kuiziba baadaye.

Wazee wengine huacha kwenda kanisani au msikitini kwa kuona aibu ya mfuko. Hakuna sababu ya kujitenga. Mfuko unaweza kufungwa pajani chini ya kanzu au suruali pana. Mwenye wasiwasi juu ya tohara na ibada amwulize kiongozi wake wa dini, kwa maana dini humpa mgonjwa nafuu.

Wiki sita za kwanza

Maji. Kunywa maji ya kutosha mchana, kiasi cha lita mbili hadi tatu, ili mkojo uwe mwepesi na damu isigande ndani. Joto la Dar es Salaam hukausha mwili haraka. Wengi hupunguza maji kwa kuogopa kukojoa mara kwa mara, na hilo ni kosa. Punguza tu saa chache kabla ya kulala. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kiasi alichoambiwa na daktari wake.

Choo. Kujikamua chooni kunaweza kuanzisha damu upya. Kula mapapai, machungwa, mboga za majani, maharage na ugali wa dona ili choo kiwe laini. Kama choo ni cha kuchuchumaa, fundi wa mtaani anaweza kutoboa kiti imara kikawekwa juu ya tundu. Hii humsaidia mzee ambaye magoti yake hayana nguvu.

Kazi. Tembea kidogo kila siku, kwani kulala tu kunaweza kuleta damu kuganda miguuni. Lakini usibebe ndoo ya maji, usilime, usipande baiskeli wala bodaboda kwa wiki nne hadi sita. Siku ya kurudi kliniki tafuta bajaji au gari, au panda daladala saa ambazo hakuna msongamano.

Damu. Mkojo kuwa na rangi nyekundu hafifu kwa wiki chache ni jambo la kawaida. Mara nyingi damu hurudi karibu wiki ya pili, kigaga cha ndani kinapobanduka. Pumzika na uongeze maji. Kwa kawaida itakoma yenyewe.

Mkojo kutoroka. Baada ya mpira kutolewa wengi huhisi kubanwa ghafla, na wengine hudondosha mkojo kidogo. Hali hii hupungua kwa wiki au miezi. Mazoezi husaidia: kaza misuli kama mtu anayezuia mkojo na upepo, hesabu hadi tano, kisha achia. Rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Anza baada ya mpira kutolewa.

Jambo ambalo halisemwi

Wanaume wengi huogopa upasuaji huu kwa kudhani kwamba utawaondolea nguvu za kiume. Hofu hiyo huwafanya wakae na mkojo uliojaa kibofuni mpaka figo zinaumia. Ukweli ni huu: wengi waliokuwa na nguvu kabla ya upasuaji huendelea kuwa nazo baadaye, ingawa wachache hupungukiwa.

Kinachobadilika kwa wengi ni kwamba wakati wa tendo la ndoa manii hayatoki nje. Yanaingia kibofuni, kisha hutoka na mkojo. Hayadhuru mwili, lakini hupunguza uwezo wa kupata mtoto. Kwa hiyo anayetaka watoto aseme kabla ya kupasuliwa. Mke naye aelezwe. Asipoelezwa anaweza kudhani kwamba mumewe ana mwanamke mwingine, na nyumba ikaingia ugomvi usio na sababu.

Subirini wiki nne hadi sita kabla ya kukutana. Usinunue dawa za nguvu mitaani bila ushauri wa daktari, hasa kama unatumia dawa za moyo au presha.

Nenda hospitali mara moja ukiona haya

• Mkojo umeziba kabisa, au mpira hautoi kitu na tumbo la chini linauma.
• Damu nzito au mabonge ya damu yasiyokoma.
• Homa kali au kutetemeka.
• Mshono unatoa usaha au unafumuka.
• Mguu mmoja umevimba na unauma, au kifua kinabana na pumzi ni fupi.

Mambo haya hayangoji asubuhi. Kabla mgonjwa hajarudi nyumbani, familia ikubaliane ni jirani gani mwenye gari atakayepigiwa simu usiku, na nauli iwekwe pembeni.

Usisahau majibu ya maabara

Sehemu ya nyama iliyotolewa hupelekwa maabara kuangaliwa kama ina saratani. Familia nyingi hazirudi kuchukua majibu kwa sababu mzee sasa anakojoa vizuri. Rudini. Pia, upasuaji huu huacha ganda la nje la tezi, na saratani inaweza kuota hapo miaka ya baadaye. Mzee aendelee kupima.

Kuhusu gharama, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua haki ya wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo kupata matibabu bila malipo. Barua ya serikali ya mtaa hurahisisha jambo hili.

Vikundi vya wanaume kanisani, msikitini na mtaani vinaweza kusaidia sana. Mzee aliyepona akieleza wazi aliyoyapitia, wenzake watano wanaoteseka kimya watapata ujasiri wa kwenda kupimwa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini wanaume katika eneo letu huchelewa kwenda hospitali wanapopata shida ya mkojo?
2. Nani mtaani kwetu anauguzwa nyumbani sasa, na tunaweza kumchotea maji au kumsindikiza kliniki?
3. Tutafanyaje ili mume na mke waelezwe pamoja kabla ya upasuaji?