Uzi Usiobonyezwa

Richard Burton, aliyefika Kazeh karibu na Tabora ya leo mwaka 1857, akisafiri kwa njia ya misafara itokayo pwani, alilieleza zeze katika kitabu chake cha mwaka 1860. Ala hiyo imeenea tangu pwani hadi mashariki ya Kongo. (Silo zeze la Wagogo, lipigwalo kwa uta.) Ni ubao mwembamba uliofungiwa kibuyu, wenye vituo vilivyoinuka ambavyo juu yake mpigaji hubonyeza uzi wa wimbo. Pembeni, mara nyingi, hupita uzi mwingine usiobonyezwa kabisa, utoao sauti ileile mwanzo hadi mwisho.

Je, uzi huo una kazi gani?

Tuseme uzi huru hutetema mara 200 kwa sekunde. Kila uzi, pamoja na sauti yake ya msingi, hutoa sauti nyembamba zaidi zenye mitetemo mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea. Basi uzi huru una 200, 400, 600 na zaidi. Uzi wa wimbo ukitoa 300, sauti zake za juu ni 600, 900, 1200. Ya 600 na ya 1200 hukutana barabara na zile za uzi huru, na sikio huridhika. Mpigaji akishuka hadi 225, sauti mbili za msingi hukaribiana mno: nguvu yake hupanda na kushuka mara 25 kila sekunde, nasi husikia mkwaruzo. Hermann von Helmholtz alifafanua jambo hili mwaka 1863. Akirudi 200, mkwaruzo hutoweka. Uzi huru haukubadilika hata kidogo, lakini ndio uliozaa mvutano na kuufungua.

Wapiga vinanda vya kanisa wa Ulaya hushikilia sauti nene kwa mguu huku mikono ikibadili sauti za juu. Kwao ni jambo la mahali maalumu, aghalabu karibu na mwisho wa wimbo; katika zeze halikomi.

Kwa hiyo anayenakili nyimbo za zeze hana budi kuandika nyuzi zote mbili. Akiandika wa vituo peke yake, ile 225 hubaki sauti ya kawaida tu, na mwanafunzi atakayeisoma karatasi hiyo hatajua kwa nini mpigaji alikawia hapo kabla ya kurudi.