Msimbo Ulio Wazi na Utafiti Unaoweza Kurudiwa

Imani iliyoenea miongoni mwa watafiti ni kwamba msimbo, yaani maagizo yanayoiongoza kompyuta kuchakata data, ukishapakiwa kwenye GitHub, jukwaa la mtandaoni la kuhifadhi msimbo, basi utafiti umekuwa wa kurudiwa na yeyote. Imani hiyo haina msingi. Jukwaa huhifadhi maandishi, lakini halihifadhi toleo la lugha ya programu, kama R au Python, lililotumika wala data iliyobaki kwenye kompyuta ya mtafiti, na maktaba moja ya programu ikiboreshwa, msimbo uleule waweza kukataa kufanya kazi au, jambo lililo baya zaidi, ukatoa jibu tofauti bila onyo lolote.

Manufaa halisi ya GitHub yamo katika historia ya mabadiliko. Git, programu ambayo jukwaa hilo huitumia na iliyobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hutunza kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe, maelezo mafupi na alama ya herufi na tarakimu 40 inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, hata nukta moja ikiondolewa alama nzima hugeuka. Makala inayotaja alama hiyo humfikisha msomaji kwenye toleo lenyewe, ilhali ile inayodai tu kwamba msimbo unapatikana mtandaoni haimsaidii kitu. Na kwa kuwa mwenye akaunti aweza kufuta kazi yake wakati wowote, nakala ya kudumu huwekwa Zenodo, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 2013 na CERN, shirika la Ulaya la utafiti wa nyuklia.

Kikwazo kingine ni aibu: wengi huficha msimbo wao kwa kuwa haujapangwa vizuri. Chukua mfano wa ripoti ya Imperial College London ya tarehe 16 Machi 2020, iliyoongozwa na mtaalamu wa magonjwa Neil Ferguson, ambayo ilikadiria vifo 510,000 nchini Uingereza endapo korona ingeachwa isambae bila hatua yoyote. Msimbo wa modeli yake, yaani mfano wa kihesabu wa kuenea kwa ugonjwa, ulikuwa umeandikwa zaidi ya miaka kumi kabla kwa ajili ya mlipuko wa mafua, maelfu ya mistari isiyo na maelezo, na ulisafishwa kwa msaada wa wahandisi kutoka nje kabla ya kuwekwa GitHub mwezi Aprili. Wakosoaji walipouendesha wakaona majibu yanatofautiana, wakatangaza kwamba modeli nzima ni takataka. Huko ni kuchanganya mambo mawili. Modeli ya aina hiyo hutumia bahati nasibu kuamua nani anamwambukiza nani, na bahati hiyo huanzishwa kwa namba inayoitwa mbegu. Mbegu tofauti lazima zilete majibu tofauti, ndiyo maana hitimisho hujengwa juu ya wastani wa majaribio mengi. Mbegu ileile kuleta majibu mawili ni kasoro, na kasoro ya namna hiyo iliripotiwa kwenye jukwaa lenyewe, mbele ya kila mtu, ikashughulikiwa.

Baadaye Stephen Eglen wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliuendesha msimbo huo upya, akapata matokeo yanayokubaliana na ya ripoti. Ukaguzi wake haukuthibitisha kwamba makadirio yaliuelezea ugonjwa kwa usahihi. Ulithibitisha kwamba msimbo ule huzaa tarakimu zinazokubaliana na zilizochapishwa, kisha wataalamu wa magonjwa wakabaki na la kwao, kubishana juu ya kasi ya maambukizi na kiwango cha vifo vilivyoingizwa humo.