Aaron wa Paris: Kadinali Aliyekataa Kuacha Uyahudi

Sisi watu wa pwani tukisikia fulani kabadili dini, swali la kwanza huwa ni hili: je, mamake kasemaje? Habari za itikadi huja baadaye. Ndiyo maana kisa cha Myahudi mmoja wa Ufaransa, ambacho nimekisoma mara nyingi, kila nikifikapo pale kwenye habari za mama hunikwamisha.

Aaron Lustiger alizaliwa mjini Paris tarehe 17 Septemba 1926. Wazazi wake, Charles na Gisèle, walikuwa Mayahudi waliohamia kutoka Poland, wakafungua duka dogo la nguo. Hawakuwa watu wa kushinda sinagogi, lakini mtoto wao alijua vyema yeye ni nani. Jina alipewa la babu yake mzaa baba, na ndilo hilo la Harun, nduguye Nabii Musa.

Kabla ya vita, akiwa kijana mdogo, aliiona Biblia nyumbani akaisoma peke yake, Agano la Kale na Agano Jipya, na kwake yeye vyote viwili vikawa habari moja. Vita vilipozuka mwaka 1939 wazazi walimpeleka yeye na dada yake mji wa Orléans, wakakaa kwa bibi mmoja mwalimu, Mkatoliki. Kwa masimulizi yake mwenyewe, bibi huyo hakumshawishi. Lakini siku za kukaribia Pasaka ya 1940 kijana aliingia katika kanisa kuu la mji ule, Alhamisi, akalikuta limepambwa kwa maua na taa. Kesho yake, Ijumaa Kuu, alirudi akalikuta tupu, halina hata pambo moja. Hapo ndipo alipokata shauri. Umri wake ulikuwa miaka 13.

Wazazi walipoambiwa, uchungu wao haukuwa na kifani. Yeye alishikilia kwamba hawaachi wao wala hauachi Uyahudi. Mwishowe walikubali, ingawa kwa moyo mzito, na tarehe 25 Agosti 1940 alibatizwa, akaongeza jina la Jean-Marie juu ya lile la Aaron.

Najua yuko msomaji atakayesema: Wajerumani walikwisha kuingia, huyo alikuwa akitafuta kuokoa roho yake tu. Sikubaliani naye. Kwa Manazi Uyahudi ulikuwa damu, haukuwa ibada, na maji ya ubatizo hayakuufuta. Edith Stein, Myahudi mwanafalsafa aliyebatizwa mwaka 1922 kisha akawa mtawa, alikamatwa Uholanzi akauawa Auschwitz Agosti 1942, na nguo zake za kitawa hazikumfaa kitu.

Gisèle naye alirudi Paris kuliangalia duka. Alikamatwa mwaka 1942, na mwaka uliofuata akauawa Auschwitz. Kaburi hana.

Basi tazameni hali ilivyo. Mama ameuawa kwa sababu ya Uyahudi, na mwanawe, machoni pa Mayahudi wengi, ameutoka Uyahudi huo huo. Baba alinusurika, na vita vilipokwisha alijaribu kuutengua ubatizo wa mwanawe, asifaulu. Kijana akawa padri mwaka 1954, akawa Askofu wa Orléans mwaka 1979, mji ule ule alikobatizwa, kisha Askofu Mkuu wa Paris mwaka 1981, na Kadinali mwaka 1983.

Mwaka 1995 alizuru Israeli. Rabi Mkuu, Yisrael Meir Lau, ambaye mwenyewe alitolewa katika kambi ya Buchenwald akiwa mtoto, alisema waziwazi kwamba mtu huyu aliwasaliti watu wake katika saa yao ngumu kabisa. Ni maneno makali, lakini msemaji alikuwa na haki ya kuyasema kuliko mimi na wewe. Kadinali alijibu kwamba kusema yeye si Myahudi tena ni kuwakana baba na mama yake, na kwamba Uyahudi wake ni sawa na wa jamaa zake waliochinjwa makambini.

Kwetu sisi Waislamu neno hili ni zito kulifahamu. Kabila ni kabila na dini ni dini. Aliyeritadi ameritadi, hata akiwa wa ukoo gani. Kwa Mayahudi vitu hivi viwili vimefumwa pamoja, nao wenyewe hawaafikiani. Sheria yao ya dini husema aliyezaliwa na mama Myahudi ni Myahudi, hata akiasi. Lakini mwaka 1962 Mahakama Kuu ya Israeli ilihukumu vingine katika kesi ya Oswald Rufeisen, Myahudi wa Poland aliyewaokoa wenzake wengi wa mji wa Mir, kisha akabatizwa alipokuwa amefichwa na watawa. Alikwenda Haifa akiwa mtawa, akadai uraia kwa haki ya Uyahudi wake. Alinyimwa, ikambidi auombe kama mgeni yeyote.

Lustiger alifariki tarehe 5 Agosti 2007. Siku ya mazishi, nje ya kanisa la Notre-Dame, kabla ya misa, binamu yake Arno Lustiger alisoma Kadishi mbele ya jeneza. Kadishi ni dua ya Kiaramu ambayo mtoto huwasomea wazazi wake waliokufa, na ndani yake kifo hakitajwi kabisa, ila Mungu anatukuzwa tu. Sisi tunaosomeana hitma, na tuliofundishwa kwamba dua ya mtoto mwema humfikia mzazi kaburini, hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Katika kanisa hilo lipo jiwe lenye maneno aliyoyaandika mwenyewe: kwamba alizaliwa Myahudi, akapewa jina la babu yake, na kwamba alipokuwa Mkristo alibaki Myahudi kama walivyobaki Mitume. Mwisho awaomba wapitao wamwombee. Mamake hakutajwa.