Kutanuka kwa reli

Kutanuka kwa reli ni kuongezeka kwa urefu wa reli za treni zinapopata joto.

Feleji hutanuka takriban 0.000012 ya urefu wake kwa kila sentigredi 1. Reli ya mita 12, halijoto yake ikipanda juani kutoka sentigredi 20 hadi 50, huongezeka 12 × 0.000012 × 30 = mita 0.00432, yaani milimita 4 na kidogo. (Kinachozidishwa ni badiliko la halijoto, 30, wala si 50, wanafunzi wengi hukosea hapo.) Katika kilomita 1 ongezeko ni sentimita 36. Reli zikikosa nafasi hupinda kando, na treni inaweza kuacha njia.

Wajenzi wa zamani waliacha mwanya mdogo kati ya reli na reli. Huo ndio unaogongagonga magurudumu yanapopita. Reli nyingi za kisasa huchomelewa pamoja bila mwanya, kisha hufungwa kwa nguvu kwenye mataruma yaliyozungushiwa kokoto. Haziwezi kurefuka, hivyo hubaki na mkandamizo ndani yake. Kwa sababu hiyo hufungwa zikiwa na halijoto iliyo kati ya baridi na joto kali la mahali pale. Kokoto zikiondolewa, hatari ya kupinda hurudi.