Mshahara wa Kuhesabu Vichwa

Zipo kazi ambazo zenyewe ni halali, lakini jinsi zinavyolipwa huzigeuza zikawa dhuluma. Kazi ya karani wa uandikishaji katika chuo ni mojawapo. Kumpokea mtu mlangoni, kumweleza masomo yaliyopo, muda wake na ada yake, kumpima kama anayafaa, kisha kumwandika jina: hakuna mwenye akili timamu atakayeiona kazi hiyo kuwa ya aibu. Lakini huko Marekani, kwa muda wa miaka mingi, kazi hiyo ilitiwa katika mizani ya biashara, na yaliyowapata wafanyakazi wake yafaa kuzingatiwa na kila mtu aishiye kwa mshahara.

Katika nchi ile vyuo ni vya namna tatu. Vipo vya serikali. Vipo vya mashirika na madhehebu, visivyotafuta faida. Na vipo vya makampuni, ambavyo mwenye navyo hutazamia faida kama atazamiavyo mwenye duka. Hivi vya tatu hufundisha zaidi kazi za mikono na za ofisini: usaidizi wa daktari, ufundi wa magari na wa umeme, upishi, ususi, hesabu za biashara, kompyuta. Wanafunzi wake si vijana wa matajiri. Ni watu wazima wenye watoto, askari waliomaliza utumishi, wanawake wanaolea peke yao, vibarua waliochoka na ujira mdogo wanaotaka kujikwamua. Kwa kifupi, ni wafanyakazi.

Huenda msomaji akauliza: mtu asiye na kitu atalipaje ada ya chuo cha kampuni? Jibu lake ndilo kiini cha habari yote. Halipi yeye kwanza. Hulipa serikali, kwa msaada na kwa mkopo. Katika mwaka wa masomo wa 2009-10 makampuni ya namna hii yalipokea kiasi cha dola bilioni 32 kutoka katika hazina ya Marekani. Chuo hupata fedha zake mapema, mwanafunzi hubaki na deni, na deni hilo ni gumu mno kufutwa, hata mtu akitangazwa kuwa amefilisika. Basi kila jina linaloandikwa ni fedha inayoingia, mwenye jina hilo ajifunze asijifunze, apate kazi asipate.

Mwezi wa Julai, si wa 1912 wala wa 1812, bali wa 2012, zama zetu hizi, kamati ya Baraza la Seneti iliyoongozwa na Seneta Tom Harkin ilitoa taarifa baada ya kuchunguza makampuni 30. Taarifa ile ilionyesha kwamba katika mwaka wa 2009 makampuni hayo yalitumia asilimia 22.7 ya mapato yao kwa matangazo na uandikishaji, asilimia 19.4 ikawa faida. Na mafundisho yenyewe, ambayo ndiyo bidhaa iliyokuwa ikiuzwa, yalipata asilimia 17.2 tu. Waandikishaji walikuwa zaidi ya 32,000. Watumishi wa kuwasaidia wanafunzi kutafuta kazi walikuwa wapatao 3,500. Na katika wanafunzi walioingia mwaka wa 2008-09, zaidi ya nusu walikuwa wametoka bila cheti chochote kufikia katikati ya mwaka wa 2010. Mtu akitaka kujua moyo wa nyumba ulipo, na atazame fedha ya nyumba inakokwenda.

Sasa tumtazame karani mwenyewe. Cheo alichopewa kilikuwa kizuri: mshauri. Alikaa mbele ya simu, na mbele yake yaliwekwa majina ya watu. Majina hayo mengi yalinunuliwa kwa makampuni mengine ambayo kazi yake ni kuyakusanya: mtu hutafuta habari za kazi au za msaada katika mtandao, hujaza jina lake na namba yake ya simu, naye hajui kwamba tayari amekwisha uzwa. Karani alipewa idadi ya simu za kupiga kwa siku, idadi ya watu wa kuwaita ofisini kwa juma, na idadi ya vichwa vya kuandikisha kwa mwezi. Maneno ya kusema aliandikiwa, pamoja na majibu ya kumjibu mtu anayesitasita. Mtu akisema hana fedha, lipo jibu. Akisema ataka kwanza kushauriana na mumewe au mkewe, lipo jibu. Akisema amechoka, lipo pia. Aliyefikisha idadi alisifiwa mbele ya wenzake. Aliyeshindwa alionywa, kisha akafukuzwa.

Lakini jambo zito kuliko idadi ni mafunzo waliyopewa. Katika hati zilizofika mbele ya kamati ile imo moja ya chuo cha ITT Technical Institute iliyochora faneli, ikaiita faneli ya maumivu. Karani alifundishwa kumuuliza mtu swali juu ya swali kuhusu dhiki ya maisha yake, kila swali likizama chini kuliko lililotangulia, mpaka mtu aguswe pale panapouma kabisa. Na hapo ndipo chuo kiletwe kwake kama dawa. Hati ya chuo kingine cha ufundi iliorodhesha watu wa kutafutwa: mama anayeishi kwa msaada wa serikali, mjamzito, aliyeachika karibuni, aliyefiwa, aliyetoka kifungoni, aliyepigwa na kuteswa, mwenye kujidharau. Mganga mwema hutafuta kidonda apate kukitibu. Hawa walifundishwa kukitafuta wapate kukitonesha.

Wala haya hayakubaki katika makaratasi. Mwaka wa 2010 Ofisi ya Ukaguzi ya serikali ya Marekani ilituma wachunguzi wake, wakijifanya waombaji, katika vyuo 15 vya makampuni. Katika vyote 15 waliambiwa maneno ya kupotosha au ya kutiliwa shaka. Katika vyuo vinne walishauriwa kudanganya katika fomu za kuombea fedha za serikali. Mmoja aliambiwa asiseme kwamba anayo akiba ya dola 250,000. Mwingine aliambiwa kuwa kinyozi aweza kupata dola 150,000 mpaka 250,000 kwa mwaka, fedha ambayo vinyozi wachache mno, kama wapo, wameiona. Na jina moja la uwongo lililoandikwa katika mtandao lilipigiwa simu zaidi ya 180 katika mwezi mmoja. Nyuma ya kila simu alikuwako mfanyakazi aliyekuwa akihesabiwa.

Je, tuwahukumu makarani hao? Hapa yatupasa kwenda taratibu. Mwezi wa Oktoba 2009 ukosefu wa kazi katika Marekani ulifika asilimia 10 ya wafanyakazi wote. Mtu mwenye kodi ya nyumba na watoto, aliyepata kiti na simu katika mwaka kama huo, hakuwa na nafasi kubwa ya kuchagua. Wazee walisema mwenye njaa hana miiko, na mwajiri aliyajua hayo vizuri. Tazama basi jinsi mtego ulivyotegwa: mfanyakazi mwenye shida alitumwa kumwinda mfanyakazi mwenye shida zaidi, na silaha aliyopewa ni kule kuijua kwake shida. Hata hivyo, kumwonea huruma karani si kumwondolea mzigo wote. Ulimi ni wake. Ahadi aliyoitoa akijua si kweli ilikuwa yake, hata kama karatasi iliandikwa na mwingine.

Na wapo waliojua hivyo. Mwaka wa 2003 wanawake wawili, waliokuwa waandikishaji katika Chuo Kikuu cha Phoenix, walikwenda mahakamani kushitaki kwamba chuo kilikuwa kikiwalipa waandikishaji kwa idadi ya vichwa, kinyume cha sheria. Kwa maana yafaa kujua kwamba sheria ilikuwapo. Tangu mwaka wa 1992 Baraza la Kongresi lilikuwa limekataza chuo chochote kinachopokea fedha za serikali kumlipa mwandikishaji tuzo au kamisheni kwa ajili ya watu aliowaandikisha. Wanawake hao walitumia sheria ya zamani sana, ya mwaka wa 1863, wakati wa Rais Lincoln, ambayo humruhusu raia kumshitaki anayeiibia serikali, na kupewa sehemu ya fedha itakayorudishwa. Shauri lao lilitupwa, likafufuliwa katika rufani, na mwisho, mwezi wa Desemba 2009, kampuni ilikubali kulipa dola milioni 67.5, bila kukiri kosa. Mwaka wa 2015 kampuni nyingine, Education Management Corporation, nayo ilikubali kulipa dola milioni 95.5 kwa madai ya namna hiyo hiyo, nayo bila kukiri kosa. Na mashitaka hayo pia yalianzishwa na mtumishi, mwaka wa 2007. Inspekta huja chuoni siku moja, akapewa chai na madaftari yaliyopangwa vizuri. Mfanyakazi yumo siku zote. Siri ya nyumba aijuaye ni mkaa ndani.

Lakini ndugu msomaji asidhani kwamba sheria ikiisha andikwa kazi imekwisha. Mwaka wa 2002 Wizara ya Elimu ya nchi ile ilitoa kanuni 12 za kuilegeza amri ya 1992, na katika nafasi hizo kamisheni ikarudi kwa mlango wa nyuma ikiitwa nyongeza ya mshahara. Kanuni hizo zilifutwa kuanzia tarehe 1 Julai 2011. Lakini mwaka huo huo Wizara iliacha mwanya mwingine kwa makampuni ya nje yanayouza uandikishaji pamoja na huduma nyingine. Vivyo hivyo sheria ilisema chuo cha kampuni kisipate zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake kutoka katika fedha za Wizara ya Elimu. Fedha za askari hazikuhesabiwa humo. Basi askari wakageuka kuwa mawindo, maana kila askari mmoja aliyeandikwa alifungua njia ya kuandika wengine tisa. Mwanya huo uliamriwa kuzibwa mwaka wa 2021, na amri ikaanza kutumika mwaka wa 2023. Faida ni kama maji: huhitaji ufa mdogo tu.

Njia ya mwongo ni fupi, ingawa wakati mwingine huchukua miaka 20. Kampuni ya Corinthian Colleges, ambayo karatasi zake zenyewe ziliwataja watu waliotafutwa kuwa wapweke, wenye kujidharau na wasio na wengi wa kuwajali, ilifunga vyuo vyake vya mwisho mwezi wa Aprili 2015, na wanafunzi wapatao 16,000 wakakuta milango imefungwa. ITT ilifunga mwezi wa Septemba 2016. Karibu watumishi wake wote, waliozidi 8,000, walipoteza kazi. Mwaka wa 2022 serikali ilitangaza kufuta deni la dola bilioni 5.8 la watu 560,000 waliosoma Corinthian, na deni la dola bilioni 3.9 la watu 208,000 wa ITT. Yule karani aliyefanya yote aliyoagizwa ili asipoteze kazi, aliipoteza vilevile. Na gharama ya uwongo ule ikalipwa na hazina, yaani na wafanyakazi wa nchi nzima wanaotoa kodi.

Haki yadai tuseme na upande wa pili. Si kila chuo cha kampuni kilikuwa hivyo, na wapo waliojifunza kazi humo wakaishi kwayo. Vyuo vya serikali mara nyingi vilijaa, au vilifungua saa ambazo mtu wa zamu hawezi kufika. Wenye makampuni waliuona upungufu huo, wakafungua jioni na wakafundisha kwa mtandao. Hilo ni fundisho kwa serikali yoyote: mahali ambapo mlango wa umma ni mwembamba, mfanyabiashara atatoboa wa kwake na kutoza kiingilio atakacho. Taarifa ya Seneti yenyewe ilionyesha kuwa masomo ya miaka miwili katika vyuo hivyo yaligharimu, kwa wastani, mara nne ya yale ya chuo cha umma cha jirani.

Basi kwa mfanyakazi anayetafuta elimu, au anayemtafutia mwanawe, yapo maswali manne ya kuuliza kabla ya kutia sahihi. Gharama yote mpaka mwisho ni kiasi gani, kwa maandishi? Katika watu 100 walioanza, wangapi walimaliza? Waliomaliza wanafanya kazi gani hasa? Na wewe unayenieleza haya, unalipwaje? Chuo chema hakitachukizwa na maswali hayo. Anayekuambia nafasi inakwisha leo jioni, mwambie utarudi kesho.

Na kwa mfanyakazi aliyekaa upande wa pili wa meza, katika kazi yoyote inayolipwa kwa vichwa, neno letu ni hili. Mshahara wa namna hiyo si jambo la hesabu tu, la kuachiwa wakubwa. Ni jambo la kujadiliwa na wafanyakazi wenyewe kwa umoja wao, kwa sababu mmoja akikataa kudanganya hufukuzwa, lakini wote wakikataa hakuna wa kupiga simu. Mahakama za Marekani zisingalipata habari kama makarani wachache wasingaliweka kumbukumbu za waliyoagizwa na kuyatoa mbele ya sheria. Hawakuwa watu wakubwa. Walikuwa makarani waliokumbuka kwamba mtu aliye upande wa pili wa simu ni mfanyakazi kama wao.